Akinyi alikataa mgongo wangu

Wazazi, nani ameshawahi kushindwa na mtoto wa miaka miwili?

Leo binti yangu Akinyi amenipigia simu analia, eti mtoto wake hataki kubebwa. Nimecheka!

Miaka ya tisini tulikuwa tunatoka ufuoni Dunga kununua samaki, karai la samaki kichwani mwangu. Akinyi huyu huyu, miaka miwili, akakataa mgongo.

"Mimi mwenyewe!"

Haya, tembea.

Alisimama kutazama kila kuku njiani. Jua kali, samaki wanaharibika. Nikijaribu kumfunga mgongoni kwa leso, anajikaza kama ubao.

Kufika nyumbani Manyatta nikaanguka mlangoni, nimeisha kabisa.

Akaokota leso, akanigeuzia mgongo wake, akainama vile mimi huinama kumbeba.

"Mama, panda."

Na vile nilivyochoka, karibu nipande.