Meno ya Mwalimu Kabwe

Nikisikia harufu ya utomvu wa mpapai, narudi shuleni kwetu Bel-Air, nikiwa na miaka saba na pengo kubwa mbele. Mwalimu Kabwe alitufundisha muziki kwa vikonyo vya majani ya mpapai, maana shule haikuwa na chombo hata kimoja. Alivipasua kidogo kwa wembe, tukapuliza, darasa zima likalia kama mbuzi waliofungiwa. Changu kilitoa pumzi tu.

"Bila meno ya juu, mupepo inakimbia," aliniambia. "Ngoja, mama. Itaota."

Basi nikangoja. Jino langu nilikuwa nimelitupa juu ya bati la nyumba, kama tunavyofanya kwetu, nikaomba jipya. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Yeye alikuwa na saksofoni yake mwenyewe. Ilikaa ndani ya sanduku juu ya kabati la darasani, halifunguliwi. Baba zetu walisema zamani alipiga jazz kwenye hoteli za mjini mpaka wahudumu wanasahau kubeba sahani. Kwa nini aliacha, hakuna aliyetuambia. Alizoea kusema na kiganja mbele ya mdomo. Sisi tulidhani ni maringo ya wanamuziki.

Ikafika siku ya proklamasyo, matokeo yanasomwa darasani mbele ya wazazi. Mimi ndiye niliyeanza, Mungu anisamehe. "Mwalimu apige! Mwalimu apige!" Batoto wote wakadaka, wazazi nao wakadaka.

"Moja tu, Mwalimu!" direktrisi, mkuu wetu wa shule, akamwomba, anapiga makofi.

Mwalimu alitazama mlango. Kisha akashusha sanduku. Alipuliza: fyuuu. Akapanga midomo upya, mishipa ya shingo ikamtoka, mate yakateremka kidevuni: fyuuu. Mtu mmoja nyuma akacheka. Nilitaka kupiga kelele wamwache, lakini yeye alishatoka mlangoni, nikamfuata.

Nilimkuta nyuma ya darasa, amekumbatia saksofoni, kiganja kimesahau kazi yake. Ndipo nilipoona: mbele juu hakuna kitu, ufizi mtupu kama wangu.

"Mwalimu, meno yako ulitupa juu ya bati?"

"Apana, mama. Ilibakia mu barabara ya Kasomeno. Kamyo ilipinduka na sisi banamuziki."

"Aa! Njo maana haioti!"

Alicheka, jamani, alicheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikajiona nimemtibu.

Leo ndiyo najua kwamba ajali ile ya lori ndiyo iliyompeleka ualimu, na kwamba katika ule umati yeye peke yake alijua hakitatoka kitu. Akapuliza tu, kwa sababu tulimwomba. Inaniuma hadi sasa. Wakati ule nilijua dawa moja tu. Likizoni jino langu la pili lilipong'oka, nilikwenda nalo shuleni, nikalitupa juu ya bati la darasa lake, nikasema wazi wazi kwamba hili ni la Mwalimu Kabwe.

Likaota langu.