Uvimbe Tuliowasingizia Samaki

Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu Kariakoo Ijumaa ilikuwa siku ya samaki changu. Mama alitoka nao soko la Feri, akawakaanga uani, mimi na mdogo wangu Zuhura tukigombania kichwa. Bado nausikia mlio wa mafuta yale.

Siku nyingine mama aliamka jicho limeziba kwa uvimbe, akacheka kwamba amelalia vibaya. Baba alikuwa ameshafariki. Kisha uvimbe ukampata mama kooni, akafariki kabla ya kufika hospitali. Majirani walisema ni samaki, nami nikaamini. Nikaacha shule kidato cha pili, nikauza mitumba Mchikichini, na samaki nikawapiga marufuku nyumbani. Zuhura alininunia wiki nzima.

Hata hivyo, nami nikaanza kuvimba. Mara mkono, mara mdomo. Tumbo lilisokota hadi nikatapika nyongo. Uvimbe haukuwasha hata kidogo, na sindano za aleji hazikunisaidia. Wenzangu sokoni waliniuliza ni bondia gani kanipiga.

Mwaka juzi niling'oa jino asubuhi. Kufikia alasiri ulimi ulijaa mdomoni, mate hayamezeki. Zuhura alinipakia kwenye bajaji, akanishika kiganja njia nzima. Niliwaza kitu kimoja tu: atabaki na nani?

Daktari aliuliza kama kwetu yupo mwingine aliyekuwa akivimba bila kuwashwa. Zuhura akamweleza habari za mama. Wakanitundikia plazma, yale maji ya damu ya watu waliojitolea. Baada ya saa chache nikaweza kumeza.

"Samaki hawana kosa, dada," daktari alisema. "Una upungufu wa protini inayoizuia kinga ya mwili isipitilize. Ikipungua, maji huvuja toka mishipani hadi kwenye nyama za mwili. Ugonjwa huu hurithiwa."

Nililia. Nililia zile Ijumaa tulizojinyima.

Zuhura alipimwa, naye anao.

"Dada, nitakufa kama mama?"

"Mama hakuna aliyemwambia," nilimjibu. "Wewe umeambiwa."

Namshukuru Mungu, daktari yule, na wote waliotoa damu bila kunijua. Nawe unayevimba bila kuwashwa, hasa kama kwenu yupo mwingine, waeleze hospitali, tena kabla ya kung'oa jino.

Mwezi uliopita Zuhura aling'oa lake. Alisema mapema, akapewa dawa ya kinga kwanza. Nilishinda naye nikimkagua shingo, mpaka akaniambia nimemchosha. Kisha akaomba uji, akamaliza kikombe chote.