Mpigaji wa Wimbo wa Tatu

Clement Gingell hakuwa mtu wa kuamini upesi. Redio ikisema leo hakuna mvua, yeye alifungua dirisha na kutoa mkono nje kwanza. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mbili katika kiwanda cha sigara cha Bedminster, mjini Bristol, Uingereza, na enzi za ujana wake alipiga ngoma katika bendi ya densi kila Jumamosi. Nilipomfahamu alikuwa mstaafu, amefiwa na mke, na shughuli iliyomtoa nyumbani ilikuwa moja tu: kikundi chetu cha wasikilizaji.

Tulikutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha juu cha maktaba. Mtu mmoja analeta albamu, tunaisikiliza mwanzo hadi mwisho bila kusema neno, halafu tunagombana. Mimi nilikuwa mgeni pekee humo, ingawa ugeni wenyewe ulikuwa umeshachakaa; nilikuwa nimesukuma vitanda vya wagonjwa Bristol kwa miaka kumi na minane.

Februari ya mwaka 1997 zamu ilikuwa ya Denise Pillinger, mpeleka barua, mama mwenye kicheko kikubwa ambaye, kama watu wengi wa mji ule, humwita kila mtu mpenzi, awe polisi au padri. Alileta albamu ya vijana wawili wa Montpelier, mtaa wa hapohapo mjini. Jalada lilikuwa na picha ya ngazi zilizolowa mvua tu. Jina la mpigaji hata mmoja halikuandikwa. Muziki wa namna ile ulikuwa umejaa mjini kwetu miaka hiyo: ngoma nzito za polepole, mikwaruzo ya santuri kuukuu, mwanamke anayeimba kama ndiyo kwanza ameamka, na tarumbeta ya jazi ikipita kwa mbali.

Ilipokwisha, Ray, dereva wa teksi, alikuwa wa kwanza kusema.

"Mimi nimesinzia wimbo wa pili, nikaamka wa tano, nikakuta wanapiga uleule."

"Ray mpenzi, wewe husinzia hata kwenye taa nyekundu," Denise akamjibu. "Mimi naisikiliza nikigawa barua, na mlima wa Totterdown nauona tambarare."

"Hiyo ni jazi iliyopewa dawa ya usingizi."

"Hiyo ni jazi iliyoacha kujionyesha!"

Mimi nilipenda nusu yake, nikasema hivyo, na wote wawili wakanizomea. Clement peke yake alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi darini.

"Rudisha wimbo wa tatu," akasema.

Denise akaurudisha. Ulianza kwa besi, ile kubwa ya mbao inayopigwa kwa kusimama. Clement akainua kidole.

"Hiyo besi ni ya wizi."

"Hiyo besi ni ya kompyuta," Ray akasema.

"Kompyuta ina ulimi? Sikilizeni."

Tukasikiliza tena. Kweli, kabla besi haijapanda juu, palikuwa na sauti ndogo, tsk, kama mtu anayemsikitikia mtoto. Ikaja tena mara nne, kila mara mahali palepale.

"Katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu anayepiga hivyo," Clement akasema. "Hawa vijana wamekata kipande kwenye kanda ya zamani wakakigeuza mali yao. Na jina hawakuliweka makusudi."

Tulipomuuliza ni nani huyo, alivaa koti akaondoka.

Wiki mbili zilizofuata alikuwa kama askari kanzu. Alikwenda duka la santuri akamhoji muuzaji mpaka akafukuzwa. Alimshuku muuzaji, akamshuku Denise kwa kuwatetea vijana, akanishuku hata mimi kwa kuuliza maswali mengi. Mwishowe alinitajia jina. Ewart Dacosta, Mjamaika, seremala, mpigaji besi wa bendi yao ya zamani.

"Bado yu hai?"

"Yu hai. Anakaa Easton, karibu na Stapleton Road. Mlango wa kijani."

"Basi si umuulize?"

"Hatujasemezana tangu sitini na nne."

"Kisa?"

"Alininunia," akasema, akageukia dirisha.

Hapo mimi nami nikaanza kumshuku. Mtu anayejua hadi rangi ya mlango wako, na kwa miaka thelathini na mitatu hajaugonga, huyo ana jambo. Lakini aliponiomba nimsindikize, nilikubali.

Tulikwenda Alhamisi mchana. Mlango ukafunguliwa na mzee mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Clement. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Umeibiwa, Ewart."

Tukaingia jikoni. Clement akatoa mfukoni sidii ya ile albamu, akaeleza yote kwa haraka: wimbo wa tatu, ule ulimi, vijana, wizi. Ewart alimwacha amalize. Kisha akanyoosha mkono juu ya friji, akashusha albamu ileile.

"Hawa vijana walikuja hapa," akasema. "Mmoja ni mjukuu wa mama mmoja wa kanisani kwetu. Waliburuta nyaya zao humu jikoni, nikawapigia mchana kutwa, hapo ulipokaa wewe."

"Mbona hawakukuandika?"

"Nilikataa mimi. Mara ya mwisho jina langu kuandikwa kwenye tangazo la muziki, mtu alituma barua. Au umesahau?"

Ewart akanigeukia mimi.

"Ndugu yangu, huyu amekusimulia habari ya barua?"

Nikasema hapana.

"Tulipata mkataba wa kupiga kwenye hoteli moja ya kando ya bahari, msimu mzima. Ikaja barua kwa kiongozi wa bendi, haina jina, inasema wageni hawatapenda kumwona mweusi jukwaani. Wiki ileile nikaambiwa nisije tena. Na unajua besi alipewa nani? Shemeji yake huyu." Akamrudia Clement. "Nimekuwa nikiingoja siku hii. Nitazame machoni uniambie. Uliiandika wewe?"

"Sikuiandika," Clement akasema. "Naapa kwa kaburi la Jean, mke wangu, sikuiandika."

"Uliijua?"

Birika lilikuwa limeanza kuvuma. Clement akaiweka mikono mezani, akaitazama kama vyombo vya mtu mwingine.

"Niliisoma. Kiongozi alinionyesha siku tatu kabla hujaambiwa. Akaniuliza nasemaje. Nikamwambia, uamuzi ni wako."

"Na shemeji?"

"Akauliza nani anaweza kushika besi haraka. Mimi ndiye niliyemtaja."

Nilitamani kuwa nje, hata kama kuna mvua. Ewart alisimama, akazima birika, akabaki ametugeuzia mgongo.

"Miaka yote hiyo nakushuku kwa kosa lisilo lako," akasema. "Kumbe lako lilikuwa jirani yake tu."

"Ewart, mimi..."

"Nyamaza kwanza. Chai utakunywa, maana mama yangu hakunifundisha kumtoa mgeni mkavu. Lakini usije ukadhani chai ni msamaha."

Tukanywa. Alitukatia mkate wa zabibu na jibini. Ndani ya basi Clement hakunitazama mpaka tulipovuka mto.

"Utawaambia wale wa maktaba?"

"Hayo si yangu ya kusema."

Jumamosi aliyasema mwenyewe, amesimama, kofia mkononi. Denise aliuliza swali moja tu: "Na muda wote huo ulikuwa unawaita vijana wa watu wezi?" Clement akasema ndiyo. Denise akachukua mkoba wake akateremka ngazi.

Lakini Denise ndiye aliyekwenda Easton, bila kumwambia mtu, kumwalika Ewart. Alikuja Mei, amevaa suti ya kanisani, akaketi upande wa mbali kabisa na Clement. Tukaipiga albamu yote kwa heshima yake, na Denise akamwomba hukumu.

"Wimbo wa tatu unapita," Ewart akasema. "Zilizobaki sizipendi. Ngoma zimelala fofofo."

Ray akapiga meza kwa furaha. "Si niliwaambia!"

"Ngoma hazijalala," Clement akasema, na sote tukageuka. "Zinakungoja wewe. Zingekimbia, huo ulimi wako nani angeusikia?"

"Wewe ulikuwa ukikimbia siku zote."

"Nilikuwa nakimbia kwa sababu wewe ulikuwa unachelewa!"

"Nilikuwa nachelewa makusudi, mpumbavu wewe!"

Waligombana hivyo mpaka mtunza maktaba akaja kutikisa funguo. Kuanzia siku ile Ewart alikuja labda Jumamosi moja kati ya nne. Hawakupiga pamoja tena, wala sikuwahi kuwaona wakipeana mkono. Mara mbili tatu niliwaona wamesimama kituo kimoja cha basi, wakibishana.

Clement alifariki mwaka 2003, kwa ugonjwa wa moyo. Ewart alikuja mazikoni, akakaa benchi la nyuma, akaimba nyimbo zote. Nje nilimuuliza anajisikiaje.

"Nilikuwa bado sijamaliza kumsamehe," akasema. "Nilikuwa nimefika mbali, lakini sijamaliza."

Kisha akaniuliza basi la Easton linapita saa ngapi.