Sikupiga kura, na game ikahesabu nimemtoa rafiki yangu

Wakuu, salamu kutoka Kampala.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza. Kiswahili changu ni cha kambini, baba alikuwa askari, mnivumilie.

Kuna game ya siasa tulikuwa tunacheza kwenye simu, watu saba. Mmoja rais, sita mawaziri. Mnaendesha nchi ya kubuni: kodi, barabara, mishahara ya walimu. Kila jambo mawaziri wanalipigia kura, na mna siku mbili za kubonyeza Ndiyo au Hapana.

Shikeni hapa, maana ndipo shida yangu ilipo.

Usipobonyeza chochote, game inakuhesabu Ndiyo. Sote tulijua hiyo sheria tangu mwanzo.

Rais wetu alikuwa jamaa anaitwa Hakimu. Nimesoma naye tangu primary. Kwao ni Waislamu wa zamani hapa mjini, watu wa duka, na mama yake alinilisha futari miaka mingi bila kuniuliza mimi ni dini gani.

Mwaka juzi Hakimu aligongwa akiwa kwenye boda. Akalala hospitali ya Mulago miezi, akarudi nyumbani Bukoto bila mguu wa kulia. Kazi yake ya udereva ikaisha. Mchumba naye akapunguza simu, mpaka zikakatika.

Ikabaki game.

Asubuhi unakuta ametuandikia kwenye group yetu maelezo marefu: kwa nini daraja lijengwe kwanza, kwa nini shule zisubiri. Watu wanamuuliza, "Mheshimiwa, unasemaje hapa?" Sijui kama kulikuwa na mtu mwingine anayemuuliza kitu.

Halafu waziri mmoja, Odongo, akaleta hoja ya kumtoa rais. Odongo nafanya naye kazi, tunalinda geti la duka la vifaa vya ujenzi Kansanga.

"Hakimu amekuwa mzito," akaniambia. "Tuchangamshe game kidogo. Wewe utabonyeza nini?"

"Nitaona," nikasema.

Hilo neno linaniuma mpaka leo.

Jumamosi Hakimu akanitumia ujumbe: "Niko na Hapana mbili. Yako ikiingia tunakuwa tatu kwa tatu, nabaki."

Niliusoma nimesimama getini. Sikujibu. Sikutaka kununiwa na Odongo shift nzima, na kumwangusha Hakimu pia sikutaka. Nikajidanganya kwamba nitabonyeza baadaye.

Wakuu, niseme ukweli. Simu niliiweka mfukoni makusudi, nikaiacha humo mpaka muda ulipoisha, Jumapili saa sita mchana.

Nne kwa mbili. Game huwa inaonyesha majina. Mbele ya langu paliandikwa: Kimya, Ndiyo.

Hakimu akatoka kwenye group.

Jumatano nikaenda Bukoto. Dada yake alinifungulia. Hakimu alikuwa amekaa karibu na dirisha, magongo yameegemea ukuta.

"Banange, jamani, mimi sikubonyeza kitu," nikaanza.

"Najua."

"Sikutaka utoke."

"Odongo alitaka nitoke, akasema wazi. Wewe ulisoma ujumbe wangu ukanyamaza." Alikuwa anaongea taratibu, hana hata hasira. "Hospitali pia ulikuja mara moja. Miezi yote ile, mara moja."

Ni kweli. Niliogopa kuona pale mguu ulipokatwa, nikawa kila wiki najiambia nitaenda wiki ijayo.

Akamwambia dada yake aniletee chai. Tukanywa tunaangalia watu wanapita chini. Nilipoaga akasema, "Haya, ssebo."

Ssebo hapa ni neno la adabu, unamwambia mteja, unamwambia mtu usiyemjua. Tangu primary hajawahi kuniita hivyo.

Nilishuka ngazi nikakaa kwenye ngazi ya mwisho, nikashindwa kuondoka, na kurudi juu pia nikashindwa.

Simu zangu hapokei tena. Odongo ndiye aliyeshika urais, akachoka nao baada ya wiki mbili, akaifuta game, na wengine nao wakaacha. Nchi yenyewe haina mtu.

Nilichojifunza kimenifikia kimechelewa: nilidhani nisipochagua upande nabaki rafiki wa wote. Kumbe Hakimu alikuwa anasubiri, na kila siku niliyonyamaza alikuwa anapata jibu.

Kama kuna mkuu aliyewahi kurudi kwa mtu aliyemuumiza hivi, aniambie alianza na neno gani. Na kama ulijaribu ukashindwa, andika pia, nitasoma. Ila msinifariji.