Viatu vya Nafula

Harufu ya rangi ya viatu hunitoa chumbani hadi leo. Kila jioni, katika chumba chetu cha Kariobangi, mama alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akatoa viatu vyeusi vya mdogo wangu Nafula, akavipaka rangi, akavisugua vikang'aa, akavirudisha. Nafula alikuwa amekufa kwa malaria. Tulimzika nyumbani, upande wa magharibi, na kwetu matanga hayaishi mpaka wafiwa wanyolewe. Mama hakungoja wembe. Alipanda basi kurudi Nairobi na nywele zake kichwani, viatu mfukoni, mimi nikimfuata. Husemwa mficha maradhi kilio humfichua. Mama alificha hata kilio.

Watu wa kwetu pale mtaani walijua hajanyolewa, kwamba bado ana mkosi wa msiba, wakaacha kupokea hata kikombe cha chai mkononi mwake. Mimi niliogopa sanduku. Usiku ndani yake kulisikika mikwaruzo. Labda ni panya, kwani panya walikuwa wengi, lakini mtoto humwambii hivyo akaamini. Kisha mama akaanza kuniita Nafula. Mwanzoni alijisahihisha, baadaye akaacha. Asubuhi moja aliniwekea vile viatu miguuni. "Vaa, Nafula." Vidole vyangu havikuingia. Akasukuma kisigino kwa kiganja, polepole, macho yakinitazama bila kuniona. Nilijua kiatu kikiingia, mimi Nekesa nimekwisha.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, nilitorokea kibanda cha video. Kijana mmoja alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akitutafsiria Kizungu. Ilikuwa sinema ya kutisha: mama amemzika binti yake, na kila siku mlango wa chumba cha binti unabishwa. Tulishikana mikono, tukidhani maiti anataka kuingia. Mara mlango wa kibanda ukafunguka kweli, watoto wakapiga yowe. Alikuwa mama yangu.

"Nimekuja kuchukua mtoto, si kutazama mashetani yenu."

"Mathe, keti basi, unaziba," mtu akasema nyuma. "Ama lipa, ucheze wewe hilo shetani."

Wakacheka. Mama hakuketi, wala hakuondoka. Kwenye sinema tukaona kumbe binti yuko ndani. Mama yake ndiye aliyeufunga mlango kwa misumari. Kijana akashusha sauti: "Mama, fungua niende. Nimechoka kukaa. Na wewe umechoka." Yule mwanamke akang'oa misumari kwa mikono yake.

Mama aliniburura hadi nyumbani. Nilidhani ni kipigo. Alivuta sanduku, akalifungua, akaniambia nimwite senje Rasoa, dada ya baba, aliyekaa nyuma ya soko. "Mwambie aje na wembe."

Alinyolewa uani, mchana, majirani wakitazama. Kilio kilipomtoka kilinitisha kuliko sinema, kama cha mnyama. Nikakimbia, senje akanirudisha kwa sikio. "Kaa hapa. Ni mamako." Nikanyolewa na mimi. Mtoto wa jirani akapewa vile viatu, akaondoka akikimbia navyo. Mama akapangusa uso kwa khanga, akanitazama kwa muda mrefu. "Nekesa," akasema, "nenda ukafagie hizo nywele."

Sasa nina wajukuu. Wanatazama sinema za kutisha kila mtu kwenye simu yake, masikio yamezibwa, na mtu akifiwa anatumiwa picha za mishumaa. Siku hizi wengi wa kwetu hawanyoi tena. Sisemi warudi kwenye wembe. Lakini mwaka jana binti yangu alipoteza mimba, akajifungia chumbani, akasema yuko sawa. Nilibisha. Hakufungua. Sikwenda zangu. Niliketi sakafuni nje ya mlango, mzee mzima na magoti yangu haya, nikamwita kwa jina lake mpaka akafungua.