Diski Niliyoifuta kwa Sifa

Mimi ni mpiga picha hapa Mpanda, na kwa miaka mingi nimependa sifa kuliko kazi yenyewe. Watu wa vijijini hawana pa kutunzia picha zao, wananiachia mimi. Akibatizwa mtoto au akioa kijana, wanajua picha ipo kwangu, watakuja siku wakiihitaji. Zote zilikuwa kwenye diski moja ya nje, nyeusi, na nakala nyingine sikuwa nayo.

Siku moja bwana harusi kutoka Kibaoni alikaa kwenye benchi langu. Alitaka aione kwa macho yake video ya harusi yake ikihifadhiwa. Diski ikaikataa. Ilikuwa imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, na huo haupokei faili linalozidi gigabaiti nne. Ningeweza kuikata video vipande viwili. Lakini nilishamtambia kwamba kompyuta hainipigi chenga, nikaona aibu kukwama mbele yake. Nilikuwa nimesikia kwamba mfumo mwingine, exFAT, hubeba faili kubwa na husomeka karibu kila mahali, nikauchagua huo. Kwa ujinga wangu niliamini kubadili mfumo ni kama kupaka nyumba rangi: waliomo ndani wanaendelea kula ugali wao.

Likatokea onyo la Kiingereza.

"Hapo inasemaje?" bwana harusi akauliza.

"Kawaida tu hiyo, kaka," nikamjibu, nikabonyeza bila kusoma.

Dakika haikuisha, diski ikawa tupu. Hata hapo, ningeiweka kando nikamtafuta mtaalamu, pengine picha zingefufuka. Lakini jamaa alikuwa ananitazama. Nikaipakia video yake palepale huku nikitabasamu, na wiki ile nikapakia harusi nyingine juu yake, zikazifuta kabisa picha za zamani, kama vile hakuna kilichotokea.

Mwezi uliofuata akaja mama mmoja wa Magamba, miguu imejaa vumbi. Mumewe alikuwa amefariki. Picha pekee aliyowahi kupigwa marehemu ilikuwa ya siku ya kipaimara cha binti yao, na niliipiga mimi. Mama alitaka kuitundika ukutani ili watoto wadogo wasije wakaisahau sura ya baba yao.

Nikamwambia diski imeliwa na virusi. Virusi! Mdomo wangu haukusita hata kidogo, na hadi leo nikilikumbuka neno lile natamani ardhi ipasuke.

Mama akaitazama diski pale mezani. Nilidhani atalia, au atanigombeza, na nilistahili. Badala yake akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, mwanangu. Kazi yako yote hiyo imepotea."

Mfiwa ndiye aliyekuwa ananipa pole. Na mimi, mtu mzima na akili zangu timamu, nikaitikia, "Nimeshapoa, mama."