Mama Zaituni na Kioo Kisichotiwa Rangi

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa mvua yake. Ilinyesha tangu asubuhi juu ya Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini, na ndani ya maabara ya kituo chetu cha afya mwanga ulikuwa hafifu kiasi kwamba hata maandishi ya daftari niliyasoma kwa shida. Mikroskopi yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kijioo cha chini kinachovuta mwanga wa jua, na jua halikuwapo. Mbele yangu kulikuwa na vioo vya damu, vile vipande vyembamba vinavyopakwa tone la damu, vya wagonjwa wa siku nzima, na mimi nilitaka kuvuka mto nirudi mjini kabla pirogi, mitumbwi ya kuvukia, hazijaacha kubeba watu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Jina langu Benoît, mwenye diploma, na kama mtu alisahau kuwa ninayo nilimkumbusha. Ndani ya mlango wa kabati nilikuwa nimebandika picha ya mwanasayansi mmoja maarufu wa Ulaya, niliyoikata kwenye gazeti. Nilimpenda sana mzee yule. Nilipenda ndevu zake, na kwamba walimjengea sanamu. Ungeniuliza alithibitisha vipi alichothibitisha, nisingekuwa na la kukujibu.

Basi siku ile nilishika kalamu nikaandika "malaria" mbele ya kila jina. Sikutazama hata kioo kimoja. Kwa kuwa watu wengi walikuwa na malaria kweli, nilijiambia kuwa sidanganyi sana. Nikavaa koti langu nikaondoka.

Kati ya majina yale kulikuwa na la Papa Likunde, mchonga mitumbwi kutoka Yanonge. Aliletwa na mkewe, Mama Alphonsine. Mtu yule alikuwa amebadilika. Mchana alisinzia hata akiwa amesimama, usiku alizunguka nyumba. Yeye aliyekuwa mpole akaanza kutukana wakwe zake. Vituo viwili vilikwisha kumpa kinini, dawa ya malaria, bila faida. Ukoo ukasema ni kindoki, uchawi umemwingia, apelekwe kwenye chumba cha maombi akafungwe huko mpaka pepo limtoke. Mama Alphonsine alikataa. Aliuza mbuzi wake, akampandisha mumewe kwenye pirogi, akaja kwetu. Na mimi, mwenye diploma, nikampa kinini mara ya tatu.

Kiongozi wangu pale maabara aliitwa Mama Zaituni. Alitoka katika zile familia za Waislamu wa zamani wa mjini, baba yake fundi wa milango. Alikuwa amesoma miaka miwili tu ya shule ya wauguzi, kisha akaolewa, kisha akarudi kazini na kubaki hapo hapo mpaka nywele zikawa nyeupe chini ya kitambaa chake. Siku ya mvua alikuwa kwenye mazishi. Kesho yake alifika mapema, jua likiwa zuri, akatoa vioo vya jana kimoja kimoja. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, kutazama tena hata kilichokwisha kutazamwa.

Nilipoingia alikuwa ameshika kimoja kati ya vidole viwili.

"Ni weye njo uliandika hii?"

"Ndiyo, Mama."

"Na uliona nini?"

"Vimelea ya malaria, Mama. Ndani ya damu."

"Bon. Kuja unionyeshe."

Niliinama juu ya mikroskopi. Niliona ukungu mtupu. Niligeuza skrubu huku na huku.

"Hii kioo haikupata rangi," alisema. Sauti yake haikupanda. "Tunatia rangi juu malaria ionekane. Bila rangi hauwezi kuiona, hata ukiwa na macho kumi. Donc, uliandika nini hapa?"

Nilishika tena skrubu.

"Nakuuliza, Benoît."

"Niliandika vile nilifikiri, Mama."

"Apana. Haukufikiri. Kufikiri ni kazi. Weye uliandika tu."

Alivitia rangi vyote akavitazama upya, na alipomaliza alifuta nusu ya majibu yangu kwa mstari mmoja mmoja. Alipofika kwa Papa Likunde alisimama. "Huyu hana malaria," alisema. "Ana nini, sijui. Twende tumutafute."

Nilishangaa kusikia neno lile. Shuleni tulifundishwa kuliogopa neno "sijui" kuliko ugonjwa wenyewe. Yeye alilitamka kama mtu anayechukua jembe kwenda shambani.

Tuliwakuta kwa binamu yao, karibu na reli. Papa Likunde alikuwa ameketi na sahani ya wali magotini, usingizi umemchukua, mkono bado umeshika kijiko. Mama Zaituni alimsalimia mkewe, akaomba ruhusa, akapapasa shingo ya mgonjwa kwa nyuma. Alikuta vivimbe laini, akavihesabu kwa kidole. Hapo uso wake ukabadilika.

Tulirudi naye kituoni. Alimchoma sindano kwenye kivimbe, akatoa tone la maji, akaliweka kwenye kioo kabla halijakauka. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akanivuta nikae.

"Usiniambie kile unajua. Niambie kile unaona."

Nilitazama. "Kitu kinacheza, Mama. Chembamba. Kinapiga mkia, kinasukuma chembe zingine."

"Andika vile vile."

Ilikuwa malale, mwanangu, ugonjwa wa usingizi, na ulikuwa umekwisha kumpanda kichwani. Angeendelea kumeza kinini changu hadi kaburini, na ukoo wake ungesema uchawi umemmaliza. Alitibiwa kwa sindano kali za wakati ule zilizounguza mishipa. Alipona polepole. Miezi ilipita, akarudi kwetu amekonda lakini macho yako wazi, na mbele yetu sote akamwomba mkewe msamaha kwa maneno aliyomtolea akiwa mgonjwa. Mama Alphonsine alimwambia aketi, asichoke.

Sasa sikiliza linalonichoma mpaka leo. Habari zilifika mbali, na wageni wakaja kutoka mji mkuu na kamera yao. Daktari wa kituo alijua vizuri nani alifanya kazi ile. Alimpita Mama Zaituni aliyekuwa anaosha vioo kwenye sinki, akanishika bega mimi, akasema, "Huyu njo kijana wetu, ana diploma, yeye aliona malale." Niliongea Kifaransa kizuri. Koti langu lilikuwa safi. Kumwambia hapana lilikuwa neno moja, na sikulisema. Wakanipiga picha na mikroskopi. Baadaye wakanipeleka kusoma zaidi, na nafasi hiyo ilikuwa ya mwanamke yule.

Kabla sijaondoka nilimfuata kumwomba radhi kwa ajili ya picha. Aliniambia, "Radhi niombe juu ya kioo. Picha haiue mutu."

Yeye alinisamehe. Mimi sijajisamehe, wala yule daktari sijamsamehe. Na Mama Zaituni alipofariki nilikaa kwenye matanga nikasikiliza watu wakisema alikuwa mpishi hodari, mke mvumilivu. Hakuna aliyesema kuwa alikuwa mwanasayansi. Nilisimama nikasema mimi. Wengine walinitazama kama mzee aliyeanza kupoteza akili.

Wiki iliyopita mjukuu wa dada yangu alikuja kwangu hapa Mangobo na kazi ya shule, ataje wanasayansi anaowapenda na sababu. Alikuwa ameandika watano. Wa kwanza ni tajiri. Wa pili nywele zake zinachekesha. Wa tatu alisema neno zuri ambalo linazunguka kwenye simu. Nikamuuliza, "Huyu alifanya nini? Alijuaje kuwa ni kweli? Nani alimwonyesha makosa yake?" Mtoto akaniambia, "Tonton, mwalimu hakuuliza hayo."

Hasira iliyonipanda haikuwa juu yake. Tunawafundisha watoto kupenda sura, halafu tunashangaa wakikua waongo kama nilivyokuwa. Wale wakubwa wa Ulaya na kwingineko sikukatazi kuwapenda. Wengi walistahili. Lakini walistahili kwa sababu walitazama tena jioni kitu walichokuwa na hakika nacho asubuhi, wakakubali kuwa walikosea. Ukiwapenda kwa jambo lingine, unapenda picha tu, kama mimi na kabati langu.

Kwa hiyo shika hili, mwanangu. Usiandike usichokiona. Hujui, sema hujui, kisha inuka utafute. Mtu akikusifu kwa kazi ya mwenzako, mkatize hapo hapo, hata kamera ikiwa imewashwa, hata kama aliyekusifu ndiye anayekulipa mshahara. Ukingoja kesho hutasema tena. Na ukiulizwa ni mwanasayansi gani unampenda, kwanza angalia karibu yako nani hakubali kusaini jambo ambalo hajalihakikisha. Pengine hana cheo. Mwandike, na mwalimu akilifuta jina lake kwa kalamu nyekundu, liandike tena.

Mungu akupe macho yasiyochoka kutazama mara ya pili. Akupe mtu wa kukukatalia unapokosea, na akupe ujasiri wa kumtaja mtu huyo mbele ya watu angali hai na masikio yake yanasikia. Nenda na baraka zangu.